Mkono wa Jirani na Mita ya Mwalimu

Jana mjukuu wangu alinijia na kazi ya shule: geuza mita kuwa sentimita, geuza lita kuwa mililita. "Ayeeyo, nyinyi mlikuwa mnageuzaje?" akaniuliza. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Wee, acha tu! Sisi tuligeuza mita kuwa mkono, tena mkono wa mtu tunayemjua.

Hiyo ilikuwa Garissa ya wakati wa vita vya shifta. Malori yalikuja kwa msafara wa askari, na yakikawia, sukari na nguo ziliadimika. Lakini sisi watoto tulikuwa na raha zetu: ubani ukifukizwa nyumbani, maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi, vurugu za kuteka maji mtoni. Nami nilikuwa na hamu moja tu, kuanza shule pamoja na rafiki yangu, binti wa jirani. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa ameshasema: bila sare haingii mtu. Kila msichana alete kitambaa cha buluu, mita mbili.

Nyanya yangu hakuijua mita. Akamwendea mwalimu amweleze. Mwalimu, mfupi kama alivyokuwa, akapima kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akasema mita mbili ni mikono mitano. Nyanya akarudi anatabasamu peke yake. Baba wa rafiki yangu alikuwa amepoteza ngamia wake vitani, hakuwa na cha kumnunulia binti yake sare. Lakini mikono, mashallah, alijaliwa! Na dukani kwetu desturi ilikuwa mnunuzi ndiye anayeleta mkono wa kupimia.

Tukaenda dukani na baba yule. Jora la buluu lilikuwa limebaki jembamba. Mwenye duka alipouona ule mkono umenyooshwa mezani, akaruka.

"Wallahi habana! Hii si mkono, hii ni shingo ya twiga!"

Nyanya hakupepesa macho. "Mwalimu amesema mikono tano. Hakusema ya nani."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye duka alinuna, akaguna, mwisho akacheka yeye pia na kushika mkasi. Usiniulize nilivyofurahi, maana nililia palepale.

Kwa kitambaa hicho cha mtu mmoja Nyanya alishona sare mbili, fupi kidogo magotini, na Jumatatu tukaingia darasani sote wawili. Mwalimu alitutazama, akakuna kichwa, akaendelea na somo.

Duka lile halipo tena, na desturi ile imekwenda na watu wake. Ninawakumbuka kwa furaha, hasa baba yule, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Binti yake alisoma akawa mkunga, na wanangu wote wamezaliwa mikononi mwake.