Mwamba wa Nyuma ya Jikoni

Juzi nilishuka Nambale kununua ndizi, nikakutana na odowa, yale mawe laini ya kula, yamepangwa mafungu mafungu juu ya gunia. Mate yakanijaa. Mkungu wangu nikausahau pale pale, rafiki yangu, nikapanda gari la Chakol kwenda nyumbani kuuangalia mwamba wetu.

Miaka ile ya sabini mama alikuwa mjamzito na chakula kilimkataa kabisa. Akinusa tu ugali wa wimbi, anatoka mbio kutapika. Kilichomtuliza ni odowa, na aliyemletea ni mama mmoja muuzaji kutoka ng'ambo ya mpaka. Halafu wanajeshi wa ng'ambo wakaanza ukali, mpaka ukafungwa, muuzaji hakuonekana tena. Mama akakonda. Mimba ya kabla ya hiyo ilikuwa imetoka, na nilimsikia nyanya akimwambia jirani, "Huyu naye akienda, ataenda na mamake." Tangu hapo sikukaa chini nikatulia.

Wiki hiyo hiyo mwalimu akatufundisha mawe. Alisema hakuna jiwe linalobaki lilivyo: moto wa chini ya ardhi huliyeyusha, likipoa huwa mwamba, mvua na jua huuozesha mwamba ukawa udongo mweupe laini kama odowa, na udongo ukilemewa kule chini hugeuka jiwe tena. Nikaruka, "Mwalimu, huchukua muda gani?" Akasema, "Mrefu sana." Kwangu mimi muda mrefu sana ulikuwa Krismasi, na tumbo la mama halingengoja Krismasi.

Basi nikaamua kuuharakisha mwamba ulainike. Nyuma ya jikoni kulikuwa na mwamba mkubwa tuliouanikia mihogo. Kila nikitoka shule nawasha majani makavu juu yake, ukishika moto naumwagia maji, chwaa! Naukwaruza kwa ukucha. Wapi! Nyanya akanifuma: "We mtoto, umerogwa? Maji tumebeba kwa kichwa, wewe unanywesha mawe?" Nililia kwa hasira, na kesho yake nikarudi.

Siku moja mwamba ukalia pah! Kikabanduka kipande chembamba. Nikamkimbilia mama nacho, bado kina joto. Alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani. Akakitazama, akanitazama mimi na masizi yangu, akakitia mdomoni. Nilisikia meno yakigonga jiwe.

"Kimeanza kulainika, mama," akaniambia. Kisha akaomba uji, na ule uji ukakaa tumboni.

Mdogo wangu alizaliwa mvua kubwa zilipoanza, analia kama honi ya lori la Malaba. Leo ana mvi, na mwamba wote ameupasua kokoto, akajengea nyumba nzuri. "Dada, si lilikuwa jiwe limekaa tu bure?" ananiuliza. Ni yeye tuliyekuwa tukimpigania. Mama tulishamzika, nyanya kabla yake, na mihogo hakuna anayeanika tena pale.

Nilizunguka nyuma ya ile nyumba, nikaokota kokoto moja iliyobaki, nikaipangusa kwa leso, nikaitia mdomoni. Bado ngumu, mama.