Samaki wa Boksi wa Mzee Alfonce

Eufrasia wa mtaa wa Kamunyonge aliacha kununua sato siku mwiba ulipomkaba mume wake.

Mwaka uliotangulia Alfonce alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, mdomo ukapinda, na kumeza kukawa kazi. Siku ile ya mwiba alikohoa mpaka macho yakamtoka. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji, mwiba ukatolewa, akarudi nyumbani salama. Lakini tangu hapo, akiletewa samaki alifumba mdomo na kugeuza uso.

Alikuwa mtu wa Majita, amezaliwa kando ya ziwa. Hata miaka aliyoendesha lori la pamba kutoka Bunda, alikuwa akifika nyumbani jambo la kwanza anafunua sufuria kuona kama samaki wapo. Sasa maharage aliyatema, nyama hakuweza kuitafuna, akaishi kwa uji. Alikonda mpaka mashati yakawa kama ya kuazima.

Ndipo binti yao Rebeka akaja kutoka Mwanza na maboksi ya samaki wa supamaketi: vipande vya minofu vilivyopakwa chenga za mkate, vimegandishwa, havina mwiba hata mmoja.

"Mama, unakaanga tu," alisema.

Eufrasia akakaanga. Alfonce alionja kwa woga, akangoja mwiba, mwiba haukuja. Akala kipande chote, akanyoosha mkono wa kushoto kuomba kingine. Eufrasia alikwenda jikoni akalia kidogo, kwa furaha.

Kuanzia hapo Alfonce akawa anakula samaki wa boksi mchana na usiku. Maboksi yakipungua, Rebeka alituma mengine kwa basi. Mzee alinenepa mashavu, na majirani wakampongeza mke wake. Eufrasia aliona miguu ya mumewe inavimba, lakini alijiambia ni ya kukaa sana kwenye kiti. Halafu kichwa kikaanza kumuuma mzee kila asubuhi.

Kliniki, nesi Jofrey alimpima presha, akapima tena.

"Mama, mzee anakulaga nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

Eufrasia alikuwa ametoka na boksi tupu kwenye mkoba, maana moyo wake ulikuwa umeshaanza kushuku. Jofrey alisoma maandishi ya pembeni, akashusha pumzi.

"Samaki yenyewe ni kama nusu tu. Nyingine ni unga, mafuta na chumvi. Chumvi ni nyingi, mama. Na wewe unakaanga tena kwenye mafuta?"

"Nakaanga. Kwa hiyo nimekuwa nampa sumu?"

"Hapana, siyo sumu. Mtu anaweza kula hii na akawa na afya. Shida ni kila siku, tena mtu wa presha. Mpe mara moja kwa wiki, ukaushe kwenye kikaango bila mafuta, mboga za majani ziwe nyingi, umlainishie na mchuzi usio na chumvi. Siku nyingine chukua minofu ya sangara, chemsha, uipekue vizuri mwenyewe."

Ilionekana rahisi pale kliniki. Nyumbani, Eufrasia alichemsha sangara, akapitisha vidole katika kila kipande, akaponda mpaka ikawa laini.

"Baba Rebeka, nimeipekua yote. Hakuna mwiba."

Alfonce alitazama sahani, kisha akamtazama yeye. "Ile ya boksi," alisema, maneno yakitoka kwa shida.

"Ile ni Jumapili. Nesi amekataza."

"Wewe ndio umekataza."

Hakula. Kesho yake alikula vijiko vichache, akitafuna polepole huku jasho likimtoka, kama mtu anayekanyaga gizani. Presha ilishuka, miguu ikaacha kuvimba, na Jofrey akafurahi. Lakini mashati yalianza kulegea tena, na mzee akaacha kumsemesha mke wake. Akitaka maji aligonga kikombe kwenye meza. Jumapili tu, akiletewa kipande chake kilichokaushwa, alisema "asante," bila kumwangalia.

Mara mbili Eufrasia alikwenda kwenye friza katikati ya wiki, akashika boksi, akalirudisha.

Mvua za masika zilipoanza, kiharusi cha pili kikamchukua Alfonce akiwa usingizini. Walimzika Majita. Jofrey alikuja msibani, akamwambia Eufrasia kwamba pigo la namna ile huja hata kwa anayefuata kila sharti, na kwamba alimtunza vizuri. Aliitikia, lakini hakuonekana kusikia.

Jioni ya maziko, wanawake walipokuwa wanaosha vyombo, Eufrasia akiwa miongoni mwao, dada wa marehemu alisema kwa sauti ya kusikika:

"Kaka yangu alikuwaga mtu wa samaki. Nasikia siku za mwisho alikuwa ananyimwa."

Rebeka aliinuka.

"Shangazi, samaki nilileta mimi. Kama kuna wa kulaumiwa, anza na mimi. Mama alimlisha baba kwa mkono wake kila siku, hata alipokuwa hataki kumtazama."

Eufrasia alitaka kusema kitu: kwamba alimpenda, kwamba alitaka aishi, kwamba hata sasa hajui kama alipaswa kumpa tu alichotaka. Badala yake aliinama, akachukua sufuria nyingine, akaendelea kusugua.