Mume Wangu Ndiye Aliyehamishia Mechi Jumamosi

Nafasi yangu ya kwenda Nairobi kufundisha kompyuta niliipoteza Novemba 1999, kwa pointi tisini. Aliyenipotezea nimemjua wiki tatu zilizopita. Ni mume wangu.

Jina langu lifichwe, na Moraa si jina halisi la mtoto wangu, maana kanisani kwetu ukurasa huu unasomwa sana. Mimi ni mama wa miaka 46, watoto watatu, nina duka la fotokopi hapa Nyamira nililolianzisha na mashine moja mbovu ambayo niliitengeneza mwenyewe. Ni Msabato wa kuzaliwa, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya ibada.

Mwaka huo nilikuwa nasoma kompyuta Kisii mjini, chuo kidogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Kijana aliyekuwa akitunza mashine pale, ambaye leo ndiye mume wangu, Baba Moraa, aliunganisha kompyuta nne kwa kebo tukaanza kucheza mchezo wa vita. Unajenga kijiji, unakata miti, unalima, unaunda jeshi, halafu unamvamia mwenzako aliyekaa mashine ya pili. Kabla ya mechi kulikuwa na chumba cha kungojea kwenye skrini. Mmoja anakifungua, majina ya wengine yanatokea, kila mtu akibonyeza kwamba yuko tayari, vita vinaanza. Aliyekuwa akifungua chumba ni yeye.

Tulikuwa tunagombana kila siku, wajuzi wakiwasubiri wageni ili wawapige. Nikaleta hesabu. Kila mtu aanze na pointi mia. Ukishinda unaongeza kumi, ukishindwa unatoa kumi, na unapangwa na yule aliye karibu nawe kwa pointi. Kanuni ya mwisho niliiandika kwa mkono wangu: asiyeonekana chumbani kwa dakika kumi amehesabiwa kushindwa. Niliona ni haki. Watu walizoea kuitwa na kupotelea kwa muuza mahindi.

Mwenye chuo akapenda. Ndugu yake alikuwa anafungua chuo Nairobi na alitaka mwalimu mmoja. Akasema atakayeongoza kwenye ubao wa pointi mwisho wa Novemba ataenda. Zikiwa zimebaki wiki tatu nilikuwa na 190. Wa pili, nitamwita O., alikuwa na 160. Nyumbani Nyaramba mama alishaanza kuwaambia majirani.

Halafu mechi zote zikahamishiwa Jumamosi asubuhi, mbili kila Jumamosi.

"Mwenye chuo amesema siku zingine mashine ni za wanafunzi," Baba Moraa aliniambia. "Si uombe ruhusa kanisani, mara tatu tu?"

"Sabato haina mara tatu," nikamjibu.

Jumamosi ya kwanza nilishuka hadi 170, O. akapanda hadi 180. Ya pili, 150 kwa 200. Ya tatu, 130 kwa 220. Kila mara nilipangwa na O., na kila mara sikuwepo. O. akapanda basi akaenda.

Mama alinishika mabega akaniambia, "Umemchagua Mungu, mwanangu, naye ameona." Nikakubali hivyo. Nilirudi kuchuma chai miaka sita, kikapu mgongoni, nikijiambia hiyo ndiyo bei ya imani. Baba Moraa alikuja kunifariji, akabatizwa kanisani kwetu, tukaoana. Ule ushuhuda nimeutoa mara nyingi, jinsi nilivyoacha Nairobi kwa ajili ya Sabato. Wamama hulia. Yeye hukaa benchi la mbele akisema, "Amina."

Wiki tatu zilizopita nilikutana na O. matangani kule Marani.

"Shemeji! Bado unachoma vijiji vya watu?"

"Nilishindwa, wewe ndiye ulienda."

"Ulishindwa na nani? Pale hakuna aliyekuweza!" Alikuwa anacheka, sahani mkononi. "Si huyu bwana yako alimwambia mwenye chuo Jumamosi ndiyo siku nzuri? Mimi nilikuwa nakaa tu, nangoja dakika kumi ziishe, napewa pointi zangu. Kumbe hajawahi kukuambia?"

Usiku ule nilipiga hesabu upya. Jumamosi ya tatu nilikuwa na 150 na O. 200, na katikati yetu kulikuwa na mtu wa 160 na mwingine wa 170. Kwa kanuni yangu nilipaswa kupangwa na yule wa 160. Aliyekuwa akipanga ni Baba Moraa, na kunipanga na O. alifanya makusudi. Wakati ule nilimuuliza, akaniambia hao wawili hawakuja. Nikaamini.

Nilimuuliza tena jikoni. Hakukana.

"Ungeenda Nairobi, ungerudi kuniangalia mimi, mtu wa kuvuta kebo?"

"Kwa hiyo ukanifungia."

"Sikukufungia. Kanuni ilikuwa yako, Mama Moraa. Na ulikuwa mchezo tu."

"Na zile Amina?"

Akachukua tochi akaenda kuangalia ng'ombe.

Hajawahi kunipiga, amesomesha watoto, hanywi. Hilo nalisema kwa haki. Lakini Sabato hii anawekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, na mchungaji anataka nisimame kando yake nitoe ule ushuhuda wa Nairobi, maana wageni watakuja hata kutoka Mosocho. Nikiutoa, nitakuwa nadanganya mbele ya Mungu nikijua. Nikikataa, wataniuliza sababu, na watoto wangu watakuwa wamekaa palepale.

Mchungaji anataka jibu langu Alhamisi saa kumi jioni. Msiniambie niombe, nimeomba wiki tatu. Msiniambie ni zamani, ile chai niliichuma mimi. Nishaurini kabla ya Alhamisi saa sita mchana, kwa neno moja tu: nisimame, au nikae?