Siku Niliyomchagulia Madam Vibao vya Theluji

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana najua mshasikia kwamba mimi Zuhura, mtu mzima na heshima zangu, niliserereka kwa makalio mbele ya mawifi wa madam ndani ya ukumbi wa theluji hapa Riyadh, na waliowasimulia wameongeza chumvi, lakini kusema kweli hata bila chumvi aibu ilinitosha.

Madam wangu, ninayemfanyia kazi za nyumbani hapa mtaa wa Naseem, ni mwalimu, mama wa watoto wanne, na mwaka huu kaingiwa na pepo la theluji. Si theluji ya mlimani (Riyadh mlima huo uutoe wapi), ni ile ya ndani ya jengo, baridi kama friji huku nje jua linaunguza mpaka kope. Wenzake huteleza tu wakashuka, yeye kapenda kona ya michezo, pale penye sanduku la chini, refu kama benchi, ambalo mtu hulipanda akiwa na vibao vifupi miguuni, akateleza juu yake, kisha akashukia upande wa pili. Vibao alikuwa akikodi vya palepale. Sasa mawifi zake wawili walikuwa waja kutoka Jeddah, na hao mawifi (Mungu awape maisha marefu, mbali nami) walishasema kwenye simu kwamba mwanamke wa umri ule kucheza theluji ni kukosa kazi. Madam akaapa watamwona akipanda lile benchi na kushuka kinyumenyume, tena juu ya vibao vyake mwenyewe, na akishindwa basi halas, ataacha, hatakanyaga tena pale. Nilimhurumia, kwa sababu nimemwona anavyorudi kutoka kule, mashavu mekundu, anaimba jikoni.

Vipya bei yake inatisha, kwa hivyo akanituma mimi kwenye soko la mitumba, maana wauzaji wakimwona yeye bei hupanda, na mimi najulikana kwa jicho la kuchagua vitu. Akaniambia, "Vifupi, Zuhura, vya bei nafuu, vya kuchezea pale kwenye benchi. Mweleze muuzaji, atajua." (Hapo ningeuliza swali moja tu, leo msingekuwa mnanicheka.)

Muuzaji, mzee mmoja wa Kiyemeni, mpole, akanitolea jozi mbili, bei ni moja. Ya kwanza imeinuka mbele na nyuma, ya pili imeinuka mbele tu, nyuma imenyooka. Sasa mimi baba yangu ni seremala wa Likoni, nimekulia kwenye maranda, basi nikakiinua kibao usawa wa jicho, nikafumba la pili, nikaona mkia umepinda, nikasema moyoni, huyu kaviacha juani vikajikunja, ataka kunibambikia ubovu. Mzee akaniambia, "Hivi ndivyo vya mchezo huo, dada, vinakubali kurudi kinyumenyume." Nikamjibu, "Ami, mimi si mgeni wa mbao." Nilimsikia vizuri, ila niliyachukulia kuwa maneno ya biashara. Nikabeba vilivyonyooka, nikaomba punguzo nikapewa, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja kweli kweli.

Mawifi walikuwa washafika, kwa hivyo madam akaniashiria nivifunge kwa shuka nivitie kwenye buti ya gari, wasivione kabla ya siku yake. Hakuvifungua mpaka tuko ukumbini, mawifi wamesimama kando ya mteremko na makoti yao, yule mkubwa keshatoa simu arekodi. Madam akafungua shuka. Akatazama mikia, akanitazama mimi, akauliza polepole, "Zuhura, mbona huku nyuma hakukuinuka?" Nami kwa fahari, "Vile vingine vilikuwa vimepinda, madam." Angeweza kwenda kukodi, lakini wifi mkubwa alishaanza, "Yalla, twende basi, au tumekuja kupigwa baridi tu?" na madam naye ana kiburi chake, akavivaa.

Alilipanda benchi vizuri, haki ya Mungu moyo wangu ulijaa. Akajigeuza, akashuka kinyumenyume, na ile mikia niliyoichagua ikachimba theluji kama jembe, akakaa kitako kwa kishindo. Mwenzenu nikasahau yote, nikamkimbilia na raba zangu za kila siku (viatu vya ukumbini nilivikataa, nikasema vinanuka miguu ya watu), hatua ya kwanza salama, ya pili sikuiona. Nikashuka mteremko kwa makalio, abaya imefura, nikampita madam nikimwambia samahani, nikamzoa wifi mkubwa miguu yote miwili, tukaenda naye mpaka kwenye wavu wa chini, simu yake ikazama thelujini. Kuna watu walipiga makofi.

Nililala pale nikiwaza tiketi ya kurudishwa Mombasa. Kisha nikasikia madam, amekaa palepale alipoanguka, anacheka mpaka analia, na wifi, ambaye meno yake sijawahi kuyaona, naye akaanza. Madam akavivua vile vibao, akaenda kukodi alivyovizoea, akapanda benchi, akashuka kinyumenyume, akasimama wima mbele yetu. Hakuna aliyerekodi, simu bado twaitafuta. Wifi mkubwa, theluji tele kichwani, akamwambia, "Rudia, sikuona vizuri." Madam akarudia mpaka ukumbi ukafungwa.

Tulirudi mimi na madam kwa yule mzee kuchukua ile jozi ya kwanza. Hakunisema, na afadhali angenisema. Nimeapa nikitumwa tena kitu nisichokijua nitauliza, hata nionekane mshamba. Lakini kiapo hakijaniokoa, kwa sababu vile vilivyonyooka madam kasema ni vyangu, vyatosha kwa mtu anayekwenda mbele tu, na sasa kila wiki nasimama juu yavyo, yeye kaninyooshea mikono yote miwili, anarudi kinyumenyume mbele yangu na kuniambia, "Usiangalie miguu, Zuhura. Niangalie mimi."