Nilivyoyageuza Maneno ya Mama Kerubo Mbele ya Mgeni

Msinihurumie. Kosa ni langu peke yangu, na mtoto wa watu amelala chini ya udongo.

Nasoma chuo kimoja hapa Kisii. Katika somo letu la maendeleo ya jamii, kila mwanafunzi lazima ahudumie kijiji, na huduma hiyo ina alama zake. Mimi nilipangiwa kijiji karibu na Birongo. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri barazani, kwani mhandisi aliyetoka Nairobi kuwasikiliza wananchi hakujua Ekegusii.

Alisema wamepanga kujenga choo cha soko. Je, kuna maoni? Akasimama bibi mmoja, Mama Kerubo.

"Mwambie huyo mgeni hatujaomba choo!" alisema kwa Ekegusii. "Miti ya daraja letu imeoza. Mjukuu wangu Moraa hupita hapo akienda shule. Wageni wenzake walikuja, wakala kuku wetu, wakapangusa midomo, wakaenda. Na huyu, kwa tumbo hilo, kuku mmoja hatamtosha!"

Watu wakaangua kicheko. Mhadhiri wangu alikuwa ameketi kando ya mhandisi, ananitazama. Na kwetu mgeni haaibishwi.

"Anasema nini?" mhandisi akauliza. Kicheko kilikuwa bado kinavuma, nikainama sikioni mwake.

"Anashukuru sana kwa choo. Anaomba tu msiwasahau."

Jamani! Yule bwana akainuka, akamshika bibi mkono, akatikisa kichwa kama anayekubali. "Hatutawasahau, mama."

"Amekubali daraja?" Mama Kerubo akaniuliza.

"Amekubali," nikamjibu. Uongo wa pili huo!

Vijana wa kijiji walikuwa wamekwisha kukata miti mipya ili walitengeneze daraja wenyewe. Mama Kerubo akawazuia. "Mnajichosha bure! Mgeni amekubali, nimeona kwa macho yangu." Miti ile ikaishia jikoni.

Mvua zikaja. Daraja likavunjika Moraa akiwa katikati. Walimpata huko chini, mto unapopita kando ya shamba la majani chai, sare ya shule imejaa matope.

Mazishini Mama Kerubo alinikumbatia. "Mwanangu, wewe ulinisemea vizuri. Yule mgeni ndiye mwongo."

Ningesema pale pale! Nilinyamaza. Hata chakula cha msiba nilikula.

Alama zangu zilikuwa nzuri mno. Na kila Sabato, nasikia, bibi huyo husimama kanisani akamshtakia Mungu mhandisi yule. Kumbe anayeshtakiwa ni mimi!

Nyinyi mnaotumwa vijijini kutafuta alama, mkikabidhiwa maneno ya mtu, yafikisheni pamoja na uchungu wake. Aibu ya mgeni huisha kabla gari lake halijafika Keroka. Ya kwangu haiishi.

Na haya yote nimeyaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Mama Kerubo haijui. Hata toba yangu nimemnyima.