Roho Inanipika

Kwetu Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, hatusemi moyo unapiga. Tunasema roho inapika, kwa k, neno lilelile la kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mtaani Dilala, na kila mwaka naizungushia k hiyo kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto, na kila mwaka inarudi. Nimechoka nayo. Lakini k haikuwa shida kamwe. Shida ni kwamba neno hilo linabeba mizigo mingi: mwenye hofu roho inampika, anayemngoja mtu asiyerudi roho inampika, na mgonjwa pia roho inampika. Anayesikiliza ndiye anayechagua, nami kwa miezi mingi nilichagua vibaya.

Mke wangu alianza kulisema wakati wa kiangazi, kijana wetu wa kwanza alipoacha masomo akaenda machimboni kuchimba kobalti na wenzake. Simu yake ilikuwa haipatikani wiki nzima, wakati mwingine mbili. Kila mzazi wa hapa anajua ukimya wa namna hiyo, maana mashimo yanabomoka na watu wanabaki chini. Kwa hiyo mke wangu alipoweka mkono kifuani akaniambia, "Tata, roho inanipika," sikuuliza chochote. Nilimwambia kijana atarudi. Nilisema hivyo asubuhi nikifunga viatu, nikasema tena mchana nikirudi na vumbi la malori ya madini kwenye kola, na kwa kweli nilikuwa namjibu ili nipumzike. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Nikifika nyumbani, masikio yangu yamekwisha kazi.

Sikuwa peke yangu. Wamama wa kanisani walikuja wakaomba dhidi ya roho ya woga. Jirani yetu, mama mwenye tansio, shinikizo la damu, kwa miaka mingi, akasema hiyo nayo ni tansio tu, akamletea vitunguu saumu avitafune vibichi. Mke wangu akavitafuna, nyumba nzima ikanuka. Mwishowe akaenda mwenyewe kituo cha afya. Wakamfunga kile kitambaa mkononi, wakampima, wakamwambia tansio iko sawa, arudi nyumbani apunguze mawazo. Nilifurahi kupita kiasi. Tansio iko sawa, basi moyo uko sawa. Ndivyo nilivyohesabu, na hakuna aliyenikosoa.

Mvua za kwanza ziliponyesha kijana akarudi, amekonda lakini mzima. Alilala siku mbili mfululizo. Nikajiambia sasa tutapumua. Siku chache baadaye tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wadogo, mke wangu akaacha tonge katikati, akaweka mkono kifuani, akasema tena maneno yake yaleyale.

"Mutoto si amerudia?" nikamwambia. "Sasa unataka nini tena, mama?"

Alinawa mikono, akaondoa sahani. Sentensi hiyo naisikia mpaka leo, na sijui niiweke wapi.

Tangu siku ile hakulisema tena neno lile, nami nikadhani amepona. Nilimwona akipumzika njiani kutoka bombani, amekalia bidoni yake ya maji kama abiria anayengoja gari, nikasema ni umri. Sote tumezeeka, hata nyumba yenyewe, iliyojengwa na kampuni ya madini enzi za baba yangu aliyeletwa kutoka Kasai, ina nyufa kila ukuta kwa ajili ya baruti za mgodini. Nani angejali mtu anayepumzika kidogo?

Jumamosi moja asubuhi alikuwa anaanika nguo uani. Nilisikia beseni likianguka, nikatoka na maneno ya kulalamika mdomoni. Alikuwa amelala kwenye matope, shuka limemfunika nusu. Nilipomfikia alikuwa anaanza kufumbua macho, na jambo la kwanza aliloniambia ni samahani, nguo zimechafuka. Kijana wetu alimshika kwa nyuma juu ya pikipiki ya teksi, mimi nikafuata kwa nyingine, mpaka hospitali kubwa.

Docta alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu aliyemaliza zamu ya pili. Hakuanza na tansio. Alivuta kiti karibu na mke wangu, akagusa meza.

"Mama, roho inapika namna gani? Unionyeshe. Pika hapa ku meza."

Mke wangu akaweka kidole mezani. Akagonga mara mbili, polepole. Akatulia. Kisha kidole kikakimbia, kikagonga nane, tisa, kikakwama, kikagonga mara moja kwa nguvu peke yake, kikakimbia tena. Hakikufuata mwendo wowote ninaoujua. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza kusikia alichokuwa ananiambia. Nilitaka kulia, nikaona haya mbele ya docta ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu.

Wakambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Docta akasema mapigo hayana mpangilio. Dawa zipo, atazinywa kila siku. Tena tuna bahati mabaya zaidi hayajamfika, maana moyo unaokwenda hivyo unaweza kuacha damu igande, na ikipanda kichwani mtu anapooza. Akanigeukia mimi, akanieleza taratibu kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Moyo unaokimbia kwa woga, kwa chai kali au kwa kukosa usingizi, kisha ukatulia, kwa kawaida si wa kutisha. Unaorudi-rudi bila sababu, au unaoruka mapigo, upimwe, hata kama tansio iko sawa, kwa kuwa tansio ni kipimo kingine kabisa. Na mtu akizimia nao, au kifua kikamuuma, au pumzi ikamkatika, hakuna kungoja kesho. Aletwe saa ileile. Akauliza kama katika ukoo wao kuna waliokufa ghafla wakiwa vijana. Mke wangu akasema hapana.

Kisha akachukua fomu, akauliza ilianza lini. Nilisema ni siku chache. Mke wangu akanikatiza kwa sauti ndogo, akasema ni tangu kiangazi. Docta akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alionekana amechoka tu, kama amekwisha kuuliza swali hilo kwa watu wengi.

"Miezi yote ile, mama? Hakuna muntu uliambia ku nyumba?"

Mke wangu akanitazama kidogo tu, vile anavyonitazama tukiwa na mgeni mezani na chakula hakitoshi. Halafu akamgeukia docta.

"Hapana, docta. Mi sikuambia muntu."

Docta akaandika hivyo kwenye fomu, nami nikamwacha aandike.