Chama cha Bibi na Chama cha Jirani

Juzi tulikuwa tukipita Wattaya, hapa Maskati, mjukuu wangu anaendesha, akaniambia ameshapiga kura yake ya baraza la manispaa, kwa simu, kitandani. Nikacheka mpaka akaniuliza nina nini. Nawe msomaji ungecheka, laiti ungemjua bibi yangu. Yeye kura zake chache za Unguja zilimtosha kununa miaka.

Tulifika Maskati mwaka 1965, nina miaka saba. Tulikaa nyumba ya udongo ndani ya ukuta wa mji, na nyumba ya pili alikaa mwanamke mwingine wa Unguja. Ungedhani Bibi angefurahi, maana Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, na kichochoro kizima hakikuwa na mwengine wa kusema naye Kiswahili. Lakini yule jirani alikuwa wa chama cha pili, na Bibi alimjua tangu kwetu. Miaka ile ya uchaguzi, watu wa vyama hivyo walikuwa hawazikani, hawaalikani harusini, hata chumvi hawaombani. Mapinduzi yakaja yakawatoa wote wawili bila kumuuliza mtu kadi yake. Vyombo walivisahau, ugomvi hawakuusahau.

Basi wakikutana kisimani, kila mmoja anatazama ndoo yake. Bibi akikaanga papa mkavu, jirani anafunga dirisha kwa kishindo. Jirani akichoma mkate wa ufuta, Bibi anameza mate na kusema umeungua. Ile harufu naikumbuka mpaka leo, na mkate haukuwa umeungua hata kidogo.

Kisha mama akamzaa mdogo wangu. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto mpaka arobaini yake, akafungwa mkaja tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga, na kazi hiyo ni ya mama yake. Mama yake ndiye Bibi, na Bibi kalala na homa, kusimama hawezi. Majirani wa Kiarabu, Mungu awalipe, walileta samli na supu na halwa, ila kukanda kwa kwetu hawakukujua. Siku ya tatu matiti ya mama yalikuwa magumu, yanawaka moto. Maziwa hayatoki, na mtoto kalia mpaka sauti imemkauka. Baba alitaka kwenda kumwita jirani.

"Yule?" Bibi akasema. "Aje anicheke ndani mwangu? Ng'o!"

Hakuitwa. Alisikia kilio kupitia ukutani, akaingia asubuhi bila hodi, kabeba seredani ya makaa, khanga mbili kuukuu begani. Bibi akajiinua kwa kiwiko.

"Umefuata nini huku?"

"Nnakuja kumkanda mzazi. Chama chako nnakijua, usinambie. Lala wewe. Huyu mwanangu anaumwa."

Alichemsha maji, akachovya khanga, akakamua, akakanda, mama analia, na mimi nachochea makaa. Ilipokaribia adhuhuri mtoto alishika titi, akanyonya. Bibi aligeukia ukutani akalia.

Unadhani walipatana? Wapi! Alikuja kila siku mpaka arobaini, na baada ya arobaini hakuacha, na juu ya kichwa cha mama walibishana nani alistahili kushinda kule Unguja. Mama alicheka mpaka mkaja ukamlegea. Nyumba yetu, iliyokuwa kimya tangu tufike, sasa ilijaa Kiswahili kutwa. Mimi lugha yangu niliipata pale, katika matusi ya watu wazima yaliyofungwa kwa adabu, na ninashukuru kwa kila neno. Mdogo wangu yu hai, ana wajukuu.

Kichochoro chetu kimeshavunjwa. Sisi tumetawanyika Ghubra na Qurum, kwenye nyumba kubwa zenye kuta ndefu, na jirani yangu simjui hata kwa kununiana.

Bibi alifariki mwaka 1970. Jirani ndiye aliyemkosha, na mimi nikimmiminia maji. Alimpitishia mkono kichwani polepole, mara ya kwanza na ya pili, kisha akainama sikioni mwake.

"Haya, mmeshinda nyinyi," akamwambia. "Inuka basi unicheke."